Povu kwenye Kiungo cha Tisa

Mke wangu alikuwa akiitwa Bibi Ombwe. Jina hilo nilimpa mimi kwa kumtania, likamganda mpaka kazini. Ombwe ni mahali pasipo na kitu, hata hewa, na kazi yake ilikuwa kupalinda mahali hapo. Mimi ni fundi friji. Naletewa kilichoharibika, natengeneza, jioni nakiona nilichofanya. Yeye akirudi namuuliza, "Leo umelinda nini?" Ananijibu, "Hakuna kitu." "Na kesho?" "Hakuna kitu, Mungu akijalia." Mzaha huo mmoja ulitutosha miaka kumi na minne. Siku hizi sithubutu kuufanya.

Nasimulia haya kwa sababu yameandikwa mahali pengine, kwa wino, kwa mwandiko wake mwenyewe, na yaliyoandikwa ni uongo. Mimi nitasema yalivyokuwa. Ukiniona mpumbavu usione haya kusema, mwenyewe nimeshajisema sana.

Aliingia kwenye maabara ile akiwa mfagiaji. Mkuu wa maabara, mzee tuliyemwita Profesa, akagundua kwamba vioo anavyosafisha huyu mama havibaki hata na alama ya kidole. Siku moja akamuuliza, "Mama, unaweza kukaza bolti?" Akasema hajui, lakini atajaribu. Kazi yenyewe ni kuunganisha vipande viwili vya chuma cha pua, katikati pete ya shaba, halafu unakaza bolti moja, unaruka kwenda ya upande wa pili, unakaza, unarudi, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko. Wasomi walikuwa na haraka, viungo vyao vikavuja. Vya kwake havikuvuja. Mwisho hapakuwa na kiungo mle ndani ambacho hakukifunga yeye.

Cheti hana. Shule aliiacha mapema akalea wadogo zake. Ujuzi wake wote uko vidoleni, na vidole hivyo vinajulikana kwenye chumba kimoja tu duniani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuwa hatarini. Nje ya mlango ule, mke wangu alikuwa mfagiaji.

Chombo chenyewe ukikiona utacheka. Ni chungu cha chuma, hakizidi sufuria ya kupikia watu sita, kimezungukwa na madirisha madogo ya kioo na mabomba kila upande. Ndani hakuna kitu, isipokuwa chembe chache, atomu za madini yanayoitwa rubidi, zimeshikiliwa katikati na mwanga wa leza. Na zina baridi. Hapo nilibishana naye, maana baridi ni kazi yangu. "Mwanga unapoza wapi? Mwanga unachoma." Akaniambia mwanga unazikabili usoni kutoka kila upande. Atomu ikijaribu kwenda huku, inasukumwa irudi. Ikienda kule, inasukumwa. Mwisho inakaribia kusimama kabisa, na kusimama huko ndiko baridi.

"Friji zako ni jua la mchana ukilinganisha na kwetu," alimalizia. Nilinuna siku mbili.

Walichokuwa wanakitafuta kinaitwa fuwele ya wakati. Nikamwambia, nieleze mimi ambaye sikusoma. Akasema punje ya chumvi ni fuwele: ndani yake vitu vimejipanga kwa safu, safu ile ile inajirudia mwanzo hadi mwisho. Wao walitaka kitu kinachojipanga hivyo si kwa safu bali kwa muda. Nilipobaki nimetoa macho, akamwita binti yetu wa mwisho aliyekuwa chumba cha pili. Kimya. Akamwita tena. "Abee mama." Akamwita mara ya tatu, kimya. Ya nne, "Abee."

"Umeona? Sisi atomu tunazitikisa, moja, mbili, moja, mbili. Zinajibu kila ya pili. Ukikosea, ukatikisa kwa nguvu kidogo au kwa uvivu kidogo, hazifuati kosa lako. Zinang'ang'ania ile ile ya pili. Na hazichoki, wala hazipati moto kwa kutikiswa."

"Kwa hiyo tumezaa fuwele."

"Tumezaa mkaidi. Amefuata kwenu."

Shida ilikuwa kwamba atomu zao zilijibu mara kumi, mara ishirini, halafu zinavurugika. Na siku zilikuwa zinakwisha. Kamati ya wakaguzi ilikuwa imesema itakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi, watu watatu, nao walitaka kuona majibu mia moja mfululizo. Wasipoyaona, chumba kinafungwa, vyombo vinagawiwa wengine. Profesa alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, yeye angekwenda zake kupumzika. Mke wangu angekwenda wapi? Alianza kuacha chakula sahanini. Alikuwa anaanza kusema jambo, anaishia katikati, anaangalia ukuta. Niliogopa, nasema kweli. Sikuwahi kumwona hivyo hata alipofiwa na mama yake.

Jumamosi moja akaja na nakala za kurasa za kitabu cha siku. Kitabu hicho nikieleze, maana ndicho kilichotumaliza. Kila jambo linalofanywa kwenye chumba kile linaandikwa mle saa ile ile, kwa kalamu ya wino, saa pembeni, sahihi chini. Hakifutwi, hakichanwi. Mke wangu alikuwa akisema, "Kilichoandikwa humo ndicho kilichotokea. Kisichoandikwa hakikutokea." Alilisema kama mtu anayesema sala.

Akazitandaza kurasa mezani, mimi nakula. Jicho langu likaangukia zile saa pembeni, pale alipoandika kwamba jaribio limeharibika. Saa nne na dakika nne. Saa nne na robo. Saa nne na dakika ishirini na sita. Nikaweka kijiko chini.

"Mke wangu, huyu namjua."

"Nani?"

"Huyu anayekuja kila baada ya dakika kumi na moja. Huyu ni kompresa, akiwaka anatikisa kila kitu. Mtambo wa kupoza jengo lenu uko wapi?"

"Nyuma ya ukuta wetu."

"Umefungwa kwenye ukuta?"

Alikuwa ameshasimama, anatafuta simu ampigie Profesa.

Jumatatu nilikuwa ndani ya chumba kile kwa mara ya kwanza maishani. Mlangoni pamebandikwa onyo kwamba mtu wa nje haruhusiwi kugusa chombo bila kibali cha maandishi. Profesa mwenyewe alinishikia mlango. "Karibu fundi, ingia tu. Mambo ya karatasi tutafanya baadaye." Neno hilo lishike, kwa sababu karatasi hazikufanywa.

Niliushusha mtambo kutoka ukutani, nikauweka chini juu ya mipira minene, nikaunga mpira laini mahali pa bomba gumu ili mtikisiko usisafiri. Kesho yake atomu zilijibu mara arobaini. Keshokutwa, sitini. Ijumaa, tisini na moja. Mke wangu alirudi nyumbani akala sahani mbili. Profesa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita "mwenzetu". Mimi, fundi friji, mwenzao. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia maji ya sabuni.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kamati ije. Jumatatu ile nilirudi kumalizia bomba la mwisho. Wakati nalivuta, ncha yake ikagonga mguu wa kile chungu chao. Si kwa nguvu. Ngo, basi. Mke wangu akatazama geji, kile kipimo cha kuonyesha ombwe lina uzima gani. Namba ilikuwa imeanza kupanda, pole pole, maana yake hewa inaingia.

"Kiungo cha tisa," akasema. Alivijua kama watoto wake. "Kimelegea unywele mmoja. Hakijaharibika kitu. Nitaleta chupa ya gesi ya heliamu, tutapuliza taratibu, geji ituhakikishie ni hapo, nikaze. Wewe usiguse."

Usiguse. Kiswahili gani nilitaka zaidi ya hicho? Akaenda stoo, iliyo jengo la pili. Profesa alikuwa ofisini kwake na simu sikioni. Nikabaki mimi na kiungo cha tisa.

Miaka thelathini natafuta mivujo. Kila fundi friji anafanya vile vile: sponji, maji, sabuni, unapaka kwenye kiungo, pakivuja povu linapanda, umempata mwizi wako. Mkono wangu hauulizi tena, unafanya. Nikawaza, atarudi amekumbatia chupa nzito, anatweta, atanikuta nimeshamaliza. Nitamwonyesha kwa kidole, hapa. Na yule mzee atatoka ofisini aniite mwenzetu tena. Sitafuti maneno ya kujipamba. Ulikuwa ujuaji na kiherehere.

Nikapaka. Nikasogeza uso karibu. Povu halikupanda. Nikajiambia pazima hapa, nikapaka tena ili niwe na hakika.

Halafu nikaona povu lenyewe linapungua, sehemu moja ndogo tu, kama kuna mtu ndani analinywa. Nilipoinua macho, namba kwenye geji ilikuwa inakimbia.

Mke wangu akaingia na chupa yake. Akatazama sponji mkononi mwangu, akatazama kiungo, akatazama namba. Akaiweka chupa chini bila kuibamiza.

"Umepaka sabuni."

"Nilikuwa naangalia tu kama..."

"Kwako gesi imebanwa, inatafuta pa kutokea. Kwangu mimi ndani hakuna kitu, baba watoto. Kwangu kila kitu kinataka kuingia."

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti akaanza kulia, na alipolia aligeukia upande wa mlango, akajifuta kwa mkono wa gauni, ili machozi yasidondoke karibu na chombo. Hata wakati ule alikuwa anakilinda. Profesa akatoka ofisini, akaliona povu, akaniona mimi. Akarudi ndani akafunga mlango.

Dawa ipo. Unakifunga chombo mikanda ya moto, unakizungushia karatasi ya bati, unakipika huku pampu inavuta, wiki mbili au tatu, mpaka maji yote yatoke ndani. Sisi tulikuwa na siku tatu. Tukakipika hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nashika karatasi ya bati, yeye anafunga. Namba ilishuka, ndiyo, lakini kwa mwendo wa konokono. Jumatano mchana nilimsikia anaibembeleza, "Shuka mama, shuka," na mimi nilikuwa pembeni naomba dua zote ninazozijua na nyingine nimezitunga.

Alhamisi kamati ikaja. Wanaume wawili waliokuwa wakitazama saa zao, na mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, mkuu wa maabara kama ile katika mji mwingine. Mimi nilikuwa mlangoni na mkoba wangu, kwa kisingizio cha kuchukua vifaa. Mke wangu akawasha leza. Atomu zikatikiswa. Zikajibu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Basi. Mvuke uliobaki ndani ulizipiga zikatawanyika. Wakajaribu mara nyingine saba, haikuvuka sita. Bwana mmoja akasema, "Pole Profesa," na wote tulijua maana yake.

Ndipo yule mama wa miwani akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akakizunguka chombo polepole, ameinama, anatazama viungo kimoja kimoja, mikono ameiweka nyuma asiguse.

"Nani amefunga hivi?"

"Ni mimi," mke wangu akasema.

"Vyote?"

"Vyote."

"Umesomea wapi?"

"Humu humu, mama. Nilianza na fagio."

Yule mama akacheka kicheko cha mtu aliyefurahi. "Cheti sikitafuti. Ninavyo vyeti ukutani na viungo vyangu vinavuja. Mwaka wa pili huu natafuta mtu wa ombwe. Ungekuja?"

Uso wa mke wangu ulibadilika. Nilikuwa nimeuona hivyo mara moja tu, siku alipowekewa mikononi mtoto wetu wa kwanza. "Ningekuja hata kesho," akasema.

"Vizuri. Basi nione tu kitabu cha siku, nijue Jumatatu kulitokea nini."

Mkono wa mke wangu ukasita juu ya kitabu. Halafu akampa. Sikuwa najua mle kumeandikwa nini. Yule mama akafungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya na tulimsikia sote: "Saa tano na dakika kumi na mbili. Kiungo cha tisa kimepakwa maji ya sabuni kutafuta mvujo. Nimepaka mimi." Chini yake sahihi ya mke wangu.

Wewe usiye wa kazi ile huwezi kujua uzito wake. Hilo ndilo kosa ambalo mwanafunzi anakatazwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Bibi Ombwe hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Nikaelewa yote pale mlangoni. Angeniandika mimi, ingeulizwa nani alimruhusu mtu wa nje bila kibali, na Profesa angeondoka kazini kwa fedheha, miezi mitatu kabla ya kuagwa kwa heshima. Alikuwa amemlipa mzee yule fadhila ya miaka kumi na minne, kwa mstari mmoja.

Nikaingia ndani. "Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Mimi ni fundi friji, hiyo ndiyo kazi yetu, tunapaka sabuni. Sponji hii hapa." Nikaitoa kabisa kwenye mkoba nikawaonyesha.

Yule mama akanitazama kwa huruma, na huruma ile sitamsamehe. "Una mume mwema," akamwambia mke wangu.

"Mimi si mwema. Muulize Profesa. Alikuwepo."

Profesa alikuwa anatazama viatu vyake. Vya kahawia, vimepigwa rangi vizuri. Nilingoja. Sisi sote tulingoja. Mwisho akasema, "Kitabu kipo."

"Ni kweli anavyosema mumeo?" yule mama akamuuliza mke wangu. Aliuliza kwa upole, nadhani alitaka ajibiwe ndiyo.

Mke wangu alimtazama Profesa kwa muda mrefu. Alikuwa anampa nafasi, nami niliona anampa. Mzee hakuinua kichwa.

"Kilichoandikwa humo ndicho kilichotokea," mke wangu akasema.

Yule mama akakifunga kitabu. "Asanteni kwa kutupokea," akasema, wakatoka.

Nyumbani nilifoka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mkewe. "Kwa ajili ya yule mzee? Yule asiyeweza kufungua mdomo?"

"Alinitoa kwenye fagio."

"Na leo amekurudisha kwenye fagio."

Aliendelea kukunja nguo za watoto. Nikakumbuka kwamba aliyemrudisha hasa ni mimi, nikakaa chini. Nilimwomba msamaha siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Kila mara alisema, "Nimeshakusamehe," na nilimwamini, na haikusaidia kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwisho wa mwezi uliofuata walimwita afungue valvu, hewa iingie ndani ya chombo ili kibebwe. Alitaka twende wote. Profesa hakuja, alituma barua fupi ya shukrani. Mke wangu aliigeuza valvu polepole kama alivyozoea kuikaza. Kulisikika mluzi mfupi, nikadhani utaendelea, ukakoma. Miaka kumi na minne. Akajifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na maji, akasema twende.

Aliandika barua mbili kwa maabara nyingine. Moja haikujibiwa. Ya pili walimjibu kwa adabu kwamba wamesikia habari zake. Alihifadhi barua ile, sijui kwa nini, iko kwenye droo ya vijiko.

Sasa tuko wote karakana kwangu. Mabomba anayoyaunga yeye hayavuji, na wateja wameshajua, wengine wanasema kabisa wanataka afanye mama. Wiki iliyopita mwenye bucha alileta friji lake kubwa, akasimama kumtazama anavyounga bomba la shaba, hana haraka, anazunguka kidogo kidogo.

"Huyu mama amejifunzia wapi kazi?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia yote, rubidi, mwanga unaopoza, atomu zinazojibu kila ya pili, mzee na viatu vyake.

"Kwa mume wangu," mke wangu akasema, akaninyooshea sponji yenye sabuni.

Nikapaka kwenye kiungo chake. Povu halikupanda.